Karani akishukiwa kuondoka na orodha ya wateja, fanya hivi

Ofisi za mawakala wa forodha hapa Tanga zinatunza kila kitu kwenye kompyuta: ankara, bei, TIN (namba za mlipakodi) za wateja. Bosi akidokezwa kwamba karani amehamisha orodha, hasira hutangulia. Nakuomba uishike kwanza.

1. Usiiguse kompyuta. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Niliwahi kuitwa ofisi moja ya Chumbageni nikakuta bosi keshafungua mafaili moja baada ya jingine, kisha kachomeka flashi yake mwenyewe anakili ushahidi. Windows huweka kumbukumbu ya flashi zinazochomekwa. Alama zake zikachanganyika na za karani, ikawa vigumu kusema nani alifanya nini. Kijana yule, awe na kosa au hana, alistahili uchunguzi safi. Iliniuma.

Kama imezimwa, iache hivyo hivyo. Kama inawaka, ikate mtandao lakini usiizime, maana yaliyo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hupotea. Piga picha ya skrini kwa simu, funga chumba, andika nani ameshika ufunguo na tangu saa ngapi. Kisha mwite fundi anayejua kunakili diski nzima bila kuibadilisha.

2. Funga akaunti zake za kazini, usizifute. Iondoe simu yake kwenye barua pepe ya ofisi, halafu kagua kama kuna mpangilio unaotuma nakala za barua kwenye anwani ya nje. Mara nyingi mabosi hawaukumbuki, nao hubaki unafanya kazi baada ya mtu kuondoka.

3. Pakua mapema kumbukumbu za mfumo, yaani rekodi za nani alifungua nini na lini. Google Workspace, huduma ya Google kwa ofisi, hutunza za Drive (hifadhi yake ya mafaili) kwa miezi 6 tu. Kila nakala itolee alama ya SHA-256, msimbo unaobadilika faili likiguswa, na uiandike kwenye daftari. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaangalia ushahidi ulitunzwaje.

4. Usimtaje kwenye grupu la WhatsApp, wala usipekue simu yake binafsi. Msimamishe kwa mshahara kamili, mpe tuhuma kwa maandishi na angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao, kama Kanuni za Utendaji Bora za 2007 za sheria ya ajira zinavyoelekeza. Ukiruka hapo, CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, watakuuliza.

5. Taarifa binafsi za wateja zikiwa zimetoka, iarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haraka. Na mteja mpigie wewe mwenyewe, asije akasikia bandarini.