Matairi ya kudumu kwa Subaru Impreza ya kwenda kazini: jinsi ya kuchagua hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa Impreza ya tairi 205/55R16 (upana milimita 205, ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) inayozunguka Dar siku tano na kupanda Morogoro au Dodoma mara moja moja. Mantiki ni ileile kwa Axela, Golf au Mark X, isipokuwa Hatua ya 4 inayohusu zaidi gari linalovuta kwa tairi zote nne. Lengo ni tairi linaloishi muda mrefu bila kugeuka jiwe mvua ya masika ikishuka.

Hatua ya 1: Jua kwanza nini kinakula matairi

Usifungue matairi ya zamani kabla ya kuyasoma. Yakiisha kingo zote mbili na katikati kumebaki kashata (meno ya tairi), upepo ulikuwa mdogo. Katikati pakiisha peke yake, upepo ulizidi. Mabonde mabonde yanayovuma ukiwa kwenye mwendo ni shokapu zilizochoka, au balansi.

Halafu pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Kiganja kikiteleza ukienda na kukwaruzwa kama na msumeno ukirudi, magurudumu hayaelekei mbele sawasawa, yaani alaimenti imekaa vibaya. Ukingo wa ndani ukiwa umeisha peke yake, fika ndani zaidi: kwenye Impreza kagua bushi za mikono ya nyuma, na mbele kagua boliti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu upande wa chini, maana ndiyo inayorekebisha ulalo wa gurudumu. Fundi aliyewahi kufungua shokapu na kuirudisha bila kuiwekea alama boliti hiyo ameshahamisha ulalo. Gari lililoshushwa springi nalo hula ndani. Tengeneza hayo kwanza. Tairi la bei yoyote litaliwa vilevile na bushi iliyokufa.

Hatua ya 2: Saizi

Fuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. 205/55R16 91V maana yake kila tairi linabeba kilo 615 na linastahimili kilomita 240 kwa saa. Usishuke chini ya 91. Kama gari limefungwa rimu za 17 na 205/50, kurudi 16 kunakupa ubavu wa milimita 113 badala ya 102, na ubavu huo mrefu ndio unaookoa rimu kwenye mashimo. Jaribu kwanza kama rimu ya 16 inapita kwenye kaliper za breki.

Hatua ya 3: Soma ubavuni (hapa ndipo watu hupotea)

Tafuta neno TREADWEAR na namba iliyo mbele yake. Ni kipimo cha Marekani: tairi huendeshwa maili 7,200, karibu kilomita 11,600, kwenye barabara za Texas sambamba na tairi la kulinganishia lililopewa 100. Lenye 400 lilionekana kuisha taratibu mara nne ya hilo. Matairi ya michezo kama Michelin Pilot Sport 4S yana 300. Ya safari kutoka kampuni zilezile, mfano Michelin Primacy, Bridgestone Turanza au Yokohama BluEarth-GT, ndiyo familia ninayoielekeza kwa gari la aina hii. Potenza na Advan Sport, ambazo ni za michezo, ziachie gari la wikiendi.

Sasa tahadhari, na usiruke hata moja.

Namba hiyo huandikwa na kampuni yenyewe. Kwa hiyo 420 ya kampuni moja na 420 ya nyingine si lazima zilingane. Linganisha tairi na ndugu yake wa kampuni ileile. Tuseme la michezo lenye 300 ni shilingi 250,000 na la safari lenye 420 ni shilingi 300,000. Gawanya: la kwanza ni shilingi 833 kwa kila alama, la pili 714. La bei ya juu ndilo rahisi.

Namba haisemi kina cha kashata. Tairi jipya mara nyingi lina milimita 8, lakini yapo ya 7. Kwa kuwa alama ya TWI ndani ya mifereji, inayoonyesha tairi limeisha, iko kwenye milimita 1.6, la 8 lina milimita 6.4 za kutumia na la 7 lina 5.4 tu. Nenda na kipimo cha kina. Ni kidogo, kinaingia mfukoni.

Namba kubwa mno nayo si sifa. Mpira mgumu unakaa lakini unateleza. Chini yake pana TRACTION: chukua AA au A, kataa B. Herufi hiyo hupimwa kwa breki ya moja kwa moja kwenye maji, haisemi lolote kuhusu kona. Ndiyo maana kwa Impreza ninasimama kwenye TREADWEAR kati ya 380 na 500. Juu ya hapo usukani unapoteza ule uchangamfu ambao watu waliununulia gari. TEMPERATURE iwe A, kwa sababu lami ya Chalinze saa saba mchana haina huruma.

Tairi lililotengenezwa kwa soko la Ulaya au Japani huenda halina namba hizi kabisa. La Ulaya lina lebo ya rangi: angalia mshiko kwenye maji, A hadi E, na usichukue chini ya B.

Mtumba wa Japani una mtego wake. Likiandikwa STUDLESS, ni tairi la theluji. Mpira wake ni laini ili ushike barafu, na kwenye joto letu unaisha kama sabuni, tena gari linayumba kwenye kona. Dalili nyingine ni herufi ya mwendo Q, yaani kilomita 160 kwa saa, na kashata zilizochanjwa vijistari vingi vyembamba. Muuzaji atakuonyesha kina cha kashata na kweli ni kirefu. Achana nalo.

Mwisho, tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Lililozidi miaka miwili tangu kutengenezwa nalikataa hata kama bado lina karatasi yake ya upya, hasa lililokuwa limepangwa nje juani.

Hatua ya 4: Nunua manne

Katika Impreza inayovuta kwa tairi zote nne, ekseli ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa. Mzingo wa matairi ukitofautiana, mfumo wa kati, unaogawa nguvu mbele na nyuma, unateleza bila kupumzika, unachemka na kuisha. Dalili ni gari kushikashika ukikata kona kali taratibu ukiwa unaegesha. Subaru inataka tofauti isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi za mzingo. Kila milimita 1 ya kashata ni karibu milimita 6 za mzingo, kwa hiyo kufunga mawili mapya pamoja na mawili yaliyobaki milimita 4 ni kulipia giaboksi. Kupima: weka upepo sawa, inua gurudumu kwa jeki, zungusha utepe katikati ya kashata.

Kampuni moja, muundo mmoja, yote manne.

Hatua ya 5: Kufunga

Neno OUTSIDE likae nje, mshale wa ROTATION uelekee mbele. Badilisha valvu za mpira. Balansi, kisha alaimenti ya magurudumu manne, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo. Bunduki ya upepo hukaza bila usawa.

Hatua ya 6: Upepo na kuhamisha

Vibandiko vya Japani vimeandikwa kPa: 220 ni psi 32, na 230 ni psi 33. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi lililopata moto linaonyesha psi 3 hadi 5 zaidi na ukipunguza hapo umelinyima. Kijana wa kituo akishika mpira wa upepo mtajie namba, la sivyo utapewa 40. Kilomita 300 za kwanza endesha kwa upole.

Kila kilomita 8,000 hamisha: ya nyuma yaje mbele upande uleule, ya mbele yaende nyuma kwa kupishana. Yenye mshale hayapishani, yanabadilishana mbele na nyuma tu. Siku hiyohiyo pima kina sehemu tatu za kila tairi, ndani, katikati na nje, uandike. Ndani ikipungua zaidi ya nje kwa milimita 1, rudi kwenye alaimenti kabla ya kilomita 8,000 nyingine.