Namna ya kuupata mkono wa serikali kwenye takwimu za roboti za viwandani

Kila ikitoka orodha mpya ya nchi zenye roboti nyingi viwandani, mtu ataniuliza: "Hawa sera yao ni ipi?" Mimi ni mhariri wa habari za uchumi, na swali hilo limenifanya niwe na jedwali langu la penseli. Penseli, kwa sababu nafuta sana.

Safu ya kwanza usiweke idadi kamili ya roboti. Mwaka 2023 China peke yake ilifunga zaidi ya nusu ya roboti mpya zote duniani, lakini hata viwanda vyake ni vingi mno. Tumia hesabu ya roboti kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani, ile ya Shirikisho la Kimataifa la Roboti. Kwa mwaka huohuo Korea Kusini ilikuwa na 1,012, Singapore 770, China 470, Ujerumani 429, Japani 419 na Marekani 295.

Sasa tulia, usiitaje sera bado. Uliza kwanza wanatengeneza nini. Niliwahi kuandika makala nikaipa sifa zote sheria ya Korea Kusini ya 2008 ya kukuza matumizi ya roboti. Msomaji mmoja, fundi mstaafu wa kuchomelea, akaniuliza: "Ukitoa magari na elektroniki, inabaki nini?" Nilikosa la kusema. Sekta hizo mbili ndizo zinazomeza roboti nyingi zaidi duniani, na Korea imejaa zote mbili. Tangu hapo safu ya pili ni bidhaa, ya tatu ni mishahara, maana palipo na mishahara mikubwa roboti hurudisha gharama yake mapema hata serikali ikikaa kimya. Ya nne ni umri: wanauchumi Daron Acemoglu na Pascual Restrepo wameonyesha kuwa nchi ambazo nguvukazi yake inazeeka ndizo zinazokimbilia roboti zaidi.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kumdai waziri maelezo.

Mikakati yenye majina makubwa naisoma mwisho kabisa. Naanza na sheria ya kodi, na napiga hesabu mwenyewe. Chukua Italia mwaka 2017. Kampuni inanunua roboti ya yuro 100,000. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 24, hivyo kwa kawaida gharama hiyo, ikikatwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, ingeiokolea kampuni yuro 24,000 za kodi katika miaka ya uchakavu, yaani miaka ambayo bei ya mtambo hukatwa kidogo kidogo. Serikali ikaruhusu mitambo ya aina hiyo ihesabiwe kwa asilimia 250 ya bei yake. Yaani unakata 250,000, unaokoa 60,000. Roboti ileile sasa inakugharimu 40,000 badala ya 76,000. Hesabu kama hiyo ndiyo inayomwinua mwenye kiwanda kitini.

Kisha tafuta sera isiyojiita ya roboti. Singapore humtoza mwajiri kila mwezi kwa mfanyakazi wa kigeni anayemwajiri kwa vibali vingi vya kazi. Hapo bei ya mashine haijaguswa, ila mkono wa mtu umepanda bei, na mizani imeinama.

Majina nayo yasikuzuge. Mwaka 2017 Korea Kusini ilipotangaza kupunguza nafuu ya kodi kwa uwekezaji wa mitambo inayojiendesha, vichwa vya habari vikapiga kelele "kodi ya roboti". Hakuna roboti iliyotozwa hata senti. Kilichopungua ni punguzo.

Ruzuku za kununua, kama zile zilizotolewa na serikali za mitaa na majimbo nchini China, ziangalie kwa jicho kali. Roboti huingia kwenye takwimu inapofungwa. Kama baadaye imefunikwa turubai kwa kukosa fundi, takwimu haisemi. Kwa hiyo kando ya ruzuku naandika pia fedha za kufundisha mafundi, kama zipo.

Safu ya mwisho ina tarehe mbili: nafuu ilipoanza na inapokoma. Marekani iliruhusu kukata gharama yote ya mtambo mwaka uleule kuanzia mwishoni mwa 2017, ikashusha hadi asilimia 80 mwaka 2023, kisha ikairudisha yote 2025. Mwenye kiwanda anayejua nafuu inakwisha Desemba ataharakisha oda, na Januari jedwali litaonyesha kana kwamba nchi nzima imezichoka roboti.