Farasi akiruka g5, wako mwache kwanza

Wadogo zangu mnaocheza chesi kwenye mashindano ya vijana, ukipewa kete nyeusi kuna mtego utakutana nao tu, leo au kesho. Nimeona umeliza watoto wengi sana ndo maana naandika.

Gemu inaanza kawaida (herufi na namba ni jina la kisanduku kwenye bodi, mweupe anaanza, halafu wewe): e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4. Hii ndo wanaiita ya Kiitaliano. Sasa ukitoa farasi wako f6, mweupe anaweza kuruka g5, na hapo askofu na farasi wake wote wanaitolea macho f7, pawni yako inayolindwa na mfalme peke yake. Jibu ni d5, unamziba askofu. Yeye ataila kwa pawni yake.

Hapa sasa kalia mikono. Kweli kabisa, iweke chini ya mapaja, maana mkono unatamani kuila hiyo pawni ya d5 kwa farasi, inaonekana ya bure, na sheria ya mashindano ni kwamba ukigusa kete umeicheza, refa hana huruma na hilo. Ukiila tu, farasi wake anatua f7, anamtishia malkia na ngome kwa pamoja, mfalme wako inabidi amle, malkia wake anakuja f3 cheki (anamshambulia mfalme wako), na ili umwokoe farasi wa d5 mfalme wako anatoka mpaka e6, katikati ya bodi, kete nyingi bado zipo! Kompyuta inaweza kujitetea pale, mtoto ambaye saa inamkimbiza ni ngumu sana.

Cheza farasi a5, umsumbue askofu. Atakupa cheki b5, ziba kwa c6, akila nawe kula kwa pawni ya b, askofu akirudi e2 sukuma h6, farasi akirudi f3 sukuma e4 ahame tena. Umepungukiwa pawni moja sawa, ila kete zako zinatoka huku zake zinahangaika, na mimi napenda kabisa kuwa upande huo.

Kama mashindano ni kesho na hujakariri, basi muvu ya tatu toa askofu c5 badala ya farasi, malkia wako anabaki anaiona g5, farasi wake akiruka hapo unamla bure.

Leo jioni panga bodi na mwenzako, mpige hizi muvu mara kumi mkibadilishana rangi, bila kuangalia simu.