Umeme Porini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufunga Mizigo ya Mbugani

Anayeondoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Serengeti hahitaji adapta yoyote, kwa kuwa soketi atakayoikuta huko ni ile ile ya matundu matatu bapa aliyonayo sebuleni kwake. Wanaohitaji kujiandaa ni ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Marekani na Ulaya, pamoja na sisi tunaowapokea na kuwapeleka mbugani huku tukiamini kwamba tumekwisha kuwaandalia kila kitu. Ninawaandikia hasa wenyeji, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji siku mashine ya mtoto ilipoungua.

Tuanze na yaliyo mepesi. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia plagi ya pini tatu bapa, ingawa katika baadhi ya majengo ya zamani utakuta soketi ya pini tatu za mviringo. Anayevuka kwenda Rwanda kuwaona gorila wa milimani atakuta matundu ya mviringo, na Burundi na Kongo vivyo hivyo, kwa hiyo anayeunganisha Serengeti na Rwanda katika safari moja abebe adapta za aina zote mbili. Adapta inunuliwe mjini kabla ya kuondoka, iwe na fyuzi ndani yake, na ijaribiwe pale pale dukani: ichomeke kwenye soketi, itikise kwa kidole, na ikicheza mrudishie muuzaji.

Kalamu iacheni. Wengi wetu tumezoea, tukiwa na chaja ya pini mbili za mviringo, kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili vizibo vya matundu ya chini vifunguke, kisha tunaisukuma plagi kwa nguvu mpaka iingie. Vizibo hivyo vimewekwa makusudi kuzuia chochote kisichostahili kuingia humo, na plagi iliyopenyezwa namna hiyo haina fyuzi ambayo plagi ya pini tatu ingekuwa nayo, tena pini zake hazishikwi barabara, hivyo hulegea, hutoa cheche na kupata moto. Nyumbani kwenye ukuta wa tofali jambo hilo ni baya. Ndani ya hema la turubai, mahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kufika kwa wakati, halina kisingizio chochote.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Dada yangu anaishi Marekani, na mwanawe, ambaye wakati ule alikuwa na miaka saba, ana pumu. Walipokuja likizo mwezi wa Agosti tuliamua kuwapeleka Serengeti, na mimi kama mama mdogo nikabeba jukumu la maandalizi: nikalipia kambi ya mahema karibu na Seronera, katikati ya hifadhi, nikatafuta gari, na nikanunua adapta nzuri, nzito, yenye fyuzi, katika duka la vifaa vya umeme mjini Arusha. Dada aliponiuliza kama mashine ya nebulaiza ya mtoto, ile inayogeuza dawa ya pumu kuwa ukungu wa kuvuta, ingefanya kazi huko, niliichomeka plagi yake kwenye adapta pale mezani, nikaona imekaa vizuri, nikamjibu kwamba itafanya kazi. Hatukuiwasha. Nilichotazama ni umbo la pini tu.

Lami inaishia kwenye lango la Loduare, Ngorongoro, na kuanzia hapo Agosti ni mwezi wa vumbi. Kila gari linalopishana nanyi linaacha wingu linaloingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mtoto alianza kukohoa kabla hatujafika Naabi, lango la kuingilia Serengeti, na ilipotimia saa tatu usiku kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi, ngozi ikizama katikati ya mbavu kila alipovuta pumzi. Dada akatia dawa kwenye kikombe cha mashine, akamvalisha barakoa yake, nami nikachomeka na kuwasha. Mashine ilinguruma kwa nguvu ambayo dada hakuwahi kuisikia, ikatetemeka juu ya meza, na kabla dakika moja haijaisha tukasikia harufu ya waya unaoungua, moshi ukatoka kwenye matundu ya ubavuni, mashine ikanyamaza, na taa za hema zikazimika.

Katika giza lile kilichomsaidia mtoto ni pampu ya pumu iliyokuwa kwenye mkoba wa mama yake. Chupa yake maalumu ya kuvutia dawa tulikuwa tumeiacha Arusha, kwa kuwa tuliamini mashine inatosha. Dada alikumbuka jambo alilowahi kuonyeshwa na muuguzi, akaomba kisu. Mhudumu wa kambi akatushikia tochi, nikakata tundu kwenye kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, kiasi cha mdomo wa pampu kuingia kwa kubana, na mtoto akaivuta dawa kupitia mdomo wa chupa, mpulizo mmoja mmoja, akipumua mara kadhaa kabla ya mwingine kufuata. Saa nne na nusu alikuwa amelala kifuani kwa mama yake. Sisi wawili hatukulala, maana Arusha iko zaidi ya kilomita 300 kutoka pale na usiku ndani ya hifadhi si wakati wa kusafiri.

Asubuhi niliipindua ile mashine. Chini yake kulikuwa na kibandiko cheupe chenye herufi ndogo kuliko punje ya mchele: 120V, 60Hz, yaani volti 120 na mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Umeme tulioupeleka humo ulikuwa wa volti 230. Adapta ilikuwa nzima kabisa, haina hata alama ya moto, kwa sababu ilikuwa imetimiza kazi yake yote, ambayo ni kubadili umbo la plagi, na umeme ikaupitisha vile vile ulivyo.

Kwa hiyo geuza kila kifaa na usome kibandiko chake kabla hakijaingia kwenye begi. Kikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, kama zilivyo chaja karibu zote za simu, kompyuta na kamera, kinahitaji adapta tu. Kikiandikwa 110V au 120V peke yake, usikichomeke kwenye umeme wetu, hata kwa kujaribu. Vinavyopasha moto ndivyo vinavyoumbua upesi: mashine ya kukausha nywele ya Marekani ikipewa volti karibu mara mbili inavuta nguvu karibu mara nne, nayo haikutengenezwa kuistahimili. Transfoma ya kushusha volti ipo madukani, lakini ni nzito, ni lazima uwezo wake wa wati uzidi ule wa kifaa, na haibadilishi 50Hz ya umeme wetu kuwa 60Hz, hivyo kifaa chenye mota kinaweza kuendelea kupata joto hata volti ikiwa sahihi. Kwa kifaa cha tiba ushauri wangu ni mmoja: tafuta kinachokubali volti 220 hadi 240 au kinachotumia betri, kiwashe nyumbani kwa muda ule ule ambao mgonjwa hukitumia, kisha muulize daktari wake ni dawa gani ya akiba ibebwe isiyohitaji umeme. Pampu na chupa yake vikae kwenye mkoba wa mkononi, visikae kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Jambo linalofuata ni umeme wenyewe. Kambi nyingi za Serengeti haziko kwenye gridi ya taifa. Zinategemea sola, betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi za nyumbani), na nyingine huwasha jenereta kwa saa chache tu. Uliza kabla ya kulipia: umeme uko saa ngapi, soketi ziko ndani ya hema au ni za mapokezi tu, na vifaa gani vimekatazwa. Birika la umeme la wati 2,000 likiwashwa dakika sita linakula kiasi ambacho kingejaza simu kama kumi, na umeme huo unatoka kwenye betri zile zile zinazowasha taa za njiani usiku. Ukiambiwa usibebe pasi wala mashine ya nywele, tii. Mwenye kutumia mashine ya kupumulia usingizini aijulishe kambi mapema, kwa maandishi, ataje na wati zake, kwa sababu umeme unaozimwa saa nne usiku hauna faida kwake.

Pawabenki ijazwe kabla ya safari, na kwenye ndege ikae kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye mzigo unaopelekwa tumboni mwa ndege. Ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74, ambayo iko ndani ya kikomo cha 100 kinachokubaliwa bila kibali maalumu. Beba chaja ya gari, kwa kuwa saa za kuzunguka kutafuta wanyama ndizo nafuu zaidi za kujaza simu, lakini mwombe dereva ruhusa kwanza na usiitumie injini ikiwa imezimwa kwa muda mrefu. Ukingo wa Ngorongoro una baridi kali usiku, kwa hiyo lala na betri za kamera ndani ya blanketi. Vifaa vyote vifungwe kwenye mfuko usiopitisha vumbi.

Waya usipite mlangoni ambapo watu wanakanyaga. Usichomeke kitu kwa mkono uliotoka kuoga, wala usiache chaja ikiwaka ndani ya hema mkiwa mmeondoka. Zipu ya hema ifungwe hadi chini, kwani nyani huingia na kuchukua vitu. Na kama simu yako inachajiwa kwenye hema la kulia chakula, usitoke peke yako usiku kwenda kuifuata, hata kama ni hatua ishirini na taa zinawaka. Mwite askari wa kambi akusindikize, kwa sababu nyati na fisi hupita katikati ya mahema bila kutoa sauti yoyote.