Somo: MAC ya simu yako, ipi ya kiwandani, ipi ya kubuni, na namna ya kuibadili

Wakuu, habari za jioni. Nilipohamia ninapopanga sasa nilikuta Wi-Fi ya pamoja. Msimamizi wake anakuja na daftari, anakwambia usome MAC ya simu yako (anwani inayoitambulisha simu kwenye Wi-Fi), anaiandika kwa kalamu, usiku anaiingiza kwenye ruta ili simu yako iruhusiwe. Nikamsomea ile iliyo kwenye "About phone". Siku tatu simu inagoma, na yeye kashikilia kwamba simu yangu ni mchina. Kumbe tulisajili anwani ambayo simu wala haikuwa inaitumia.

MAC ni jozi sita za tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Jozi tatu za mwanzo mtengenezaji hupewa na IEEE (shirika la viwango vya kiufundi), tatu za mwisho anapanga mwenyewe. Ruta inaitumia kujua data hii ni ya simu ipi humo ndani.

Shida ni kwamba zamani simu ilikuwa inaitangaza hata ikiwa mfukoni, kila inapotafuta Wi-Fi. Mwaka 2013 jijini London mapipa ya taka yenye skrini za matangazo yaligundulika yananasa MAC za simu za wapita njia. Mwaka uliofuata iOS 8 ikaanza kutumia MAC za kubuni wakati wa kutafuta mtandao. Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 zikaenda mbali zaidi: hata ukishaunganishwa, kila Wi-Fi inaonyeshwa MAC yake tofauti.

Hatua ya 1: jua unayotumia sasa hivi. Usiende "About phone". Unganisha Wi-Fi, gusa jina la mtandao au kigurudumu kilicho pembeni yake, shuka mpaka uone MAC. Tazama alama ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, ni ya kubuni. Mfano 3E:91:0B:7C:22:D4: ya pili ni E, basi hiyo haikutoka kiwandani. Hapa ndipo nilipomkamata msimamizi wangu, nikamwonyesha kwa kidole, daftari lake upande huu na simu upande huu.

Hatua ya 2: badili bila kuruti (yaani bila kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu). Kwenye Android nyingi ni palepale kwenye mtandao husika, sehemu ya "Privacy". Samsung wanaiita "MAC address type". Unachagua ya kubuni au ya simu. Kwenye iPhone gusa alama ya "i" pembeni ya mtandao, kisha "Private Wi-Fi Address". Tangu iOS 18 kuna chaguo tatu: "Off" ni ya kiwandani, "Fixed" ni ya kubuni isiyobadilika kwa mtandao huo, "Rotating" hubadilika kila baada ya wiki mbili hivi. Mkiwa na msimamizi wa daftari, wekeni "Fixed" na msajili hiyo. Mimi kwenye Android yangu sikuzima kitu, nilimpa ile ya kubuni, akafuta ya zamani.

Hatua ya 3: kuandika MAC unayotaka mwenyewe. Hii inataka simu iliyorutiwa. Kwenye programu ya terminali (ya kuandikia amri):

su
ip link set wlan0 down
ip link set wlan0 address 02:1A:2B:3C:4D:5E
ip link set wlan0 up

Jozi ya kwanza isiishie na 1, 3, 5, 7, 9, B, D wala F, itakataliwa. Ukizima na kuwasha simu, kazi yote imefutika, na kuna simu ambazo hazikubali kabisa. Halafu programu nyingi za benki hazitaki kuona simu iliyorutiwa. Binafsi nafanyia simu ya zamani tu.

MASWALI

*Mkuu, nimeusahaulisha mtandao nikaunganisha upya, MAC ni ileile. Nakosea wapi?*
Hukosei. Android huikokotoa kutokana na jina la mtandao, aina ya ulinzi wake na siri iliyo ndani ya simu. Kuusahau mtandao hakubadilishi lolote kati ya hayo.

*Nikibadili, tovuti hazitanijua tena?*
Hazikuwa zinaiona MAC yako. Inaishia kwenye ruta. Tovuti inaona IP (anwani ya muunganisho wako wa intaneti), na ukishaingia kwa akaunti yako, umejitaja mwenyewe.

*Simu ya dada yangu imefungiwa na mtandao wa simu, hii itasaidia?*
Hapana, hiyo ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, bonyeza *#06# uione. Simu feki zilizozimwa Tanzania Juni 2016 zilizimwa kwa IMEI. Kuichezea ni kosa la jinai, kwa hiyo hapa siifundishi.

*Jirani yangu kanunua vocha ya Wi-Fi ya mwezi. Nikiweka MAC yake ili nitumie vocha hiyo?*
Kwanza ni wizi, kaka. Pili, vifaa viwili vyenye MAC moja kwenye ruta moja vinanyang'anyana data: video yake inakwama, yako inakwama, anazima na kuwasha ruta mara tano. Na ruta iko sebuleni kwake, orodha ya vifaa anaiona.