Kabla ya Kununua Kifaa cha Kugawanya Uzito wa Tela: Mambo ya Kuzingatia

Anayeondoka Uyole, jijini Mbeya, na tela dogo la kulalia, akikusudia kufika Matema kabla ya jioni, hupanda kwanza hadi Isongole, kisha huteremka kupitia Tukuyu na Kyela mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambao haufiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Katika mteremko mrefu namna hiyo, uzito ulioegemea nyuma ya gari ndio unaoamua kama magurudumu ya mbele yatashika barabara sawasawa au usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi. Kifaa cha kugawanya uzito kimebuniwa kwa ajili ya tatizo hilo. Hata hivyo, nimewaona wengi wakikinunua kwanza na kupima baadaye, nami naamini kwa dhati kwamba vipimo vinapaswa kutangulia fedha.

Inafaa kuelewa kinachotokea pale ulimi wa tela, yaani mkono wake wa mbele wa kuunganishia, unapowekwa juu ya tufe la chuma nyuma ya gari. Tufe hilo liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo mzigo wake hukandamiza upande mmoja na kuinua mwingine. Chukua gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.4 na tufe lake liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma: ulimi wenye kilo 100 utaongeza kilo 150 kwenye ekseli ya nyuma na kuondoa kilo 50 kwenye ekseli ya mbele. Breki za mbele, ambazo ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi, hupungukiwa nguvu ya kukamata, na usiku taa huelekea juu na kuwaumiza macho madereva wa malori wanaopanda. Kifaa chenyewe kina kichwa kizito cha chuma na fito mbili za springi zinazopita chini ya ulimi na kukazwa kwa cheni kwenye fremu ya tela. Zikishakazwa, hufanya kazi inayofanana na ya mtu anayeinua mikono ya toroli: sehemu ya mzigo hurudi kwenye ekseli ya mbele ya gari, na sehemu nyingine huenda kwenye magurudumu ya tela.

Kifaa hiki hakipunguzi uzito wa tela, wala hakiliongezei gari uwezo wa kuvuta kuliko ule uliotajwa na mtengenezaji. Vilevile hakiponyi upakiaji mbaya. Safari yangu ya kwanza na tela nilipakia madumu ya maji na kuni nyuma kabisa, na tulipoanza kuteremka baada ya Isongole tela lilianza kuyumba kama mkia, likiniacha nishike usukani kwa mikono miwili huku nikipunguza mwendo taratibu hadi likatulia. Hakuna fito ambazo zingenisaidia siku ile. Dawa ilikuwa kuhamishia vitu vizito juu ya ekseli ya tela na mbele yake kidogo.

Kwa hiyo hatua ya mwanzo ni mizani, na katika mikoa yetu hiyo si shida, kwa kuwa mizani ya kupimia magunia ya viazi na mahindi ipo karibu kila soko. Pakia tela kama utakavyosafiri, pamoja na mtungi wa gesi na maji, liegeshe mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, kisha simamisha kipande cha gogo juu ya mizani ili kibebe ulimi katika kimo kilekile cha tufe. Miongozo ya Marekani, ambako vifaa hivi hutumika zaidi, hutaka ulimi ubebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Kwa tela la kilo 900 ni kilo 90 hadi 135. Linganisha namba uliyopata na kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha chuma cha kuvutia tela kilicho nyuma ya gari. Ukikuta kikomo ni kilo 75 na ulimi wako una kilo 110, tatizo lako ni kikomo, na kifaa cha kugawanya uzito hakitakihalalisha.

Baada ya hapo soma kitabu cha gari, kwa sababu baadhi ya watengenezaji wanakataza kifaa hiki, hasa kwa magari yasiyo na chesisi, yaani fremu ya chini iliyo mbali na bodi. Kisha chunguza breki za tela, jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Tela lenye breki zinazojikamata ulimi unaposukumwa ndani linahitaji ulimi huo uteleze bila kuzuiwa, na aina nyingi za fito zenye cheni huuzuia. Mwenye tela la namna hiyo asinunue mpaka apate maandishi ya mtengenezaji yanayoruhusu. Kwa maoni yangu, mwenye gari zito la chesisi na tela lisilofika tani moja mara nyingi atagundua kwamba hahitaji kifaa hiki kabisa.

Anayekihitaji achague fito kwa kufuata uzito halisi wa ulimi, akijumlisha pia mizigo iliyo ndani ya gari nyuma ya ekseli ya nyuma. Fito dhaifu hazifanyi kazi. Fito ngumu mno huligonga gari kwenye kila shimo na zinaweza kupinda fremu ya tela dogo. Kipimo cha tufe na cha kikombe kinacholishika lazima vilingane, maana kuna matufe ya milimita 50 na mengine ya inchi 2, na tofauti hiyo ndogo macho hayaioni.

Siku ya kufunga, kazi yote huongozwa na mkanda wa kupimia. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa tundu la gurudumu la mbele, kabla ya kuunganisha tela. Tuseme umepata milimita 830. Unganisha tela bila fito, upime tena. Ikiwa ni 854, pua ya gari imeinuka kwa milimita 24. Sasa kaza fito mpaka angalau nusu ya kimo hicho irudi, yaani 842 au pungufu, ukifuata kitabu cha gari kikitaja kiwango kingine, na usishuke chini ya 830. Wakati wa kupandisha cheni, inua ulimi pamoja na nyuma ya gari kwa jeki ili fito zilegee, na usiweke kichwa wala mkono juu ya wenzo wa kukazia cheni, kwa kuwa ukiponyoka huruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Cheni za usalama zipishane chini ya ulimi.

Barabarani, vuka matuta polepole sana, kwani gari na tela vinapopinda pale vinapoungana, fito hubeba mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa. Ukiacha lami kuingia kambini kupitia mtaro, legeza fito kwanza. Njia ya Chimala kwenda Matamba, yenye kona zake 57, singeipanda na tela la aina yoyote. Vumbi likichanganyika na grisi huwa kama msasa, hivyo futa tufe na upake grisi mpya kila safari. Nati za kichwa hulegea katika kilomita za mwanzo. Simama Tukuyu, zikaze upya kwa spana ya kupimia nguvu, na upime tena kimo cha mbele kabla ya kuanza mteremko wa Kyela.