Kukagua fumbo la sataranji kwa kompyuta: somo kwa watungaji wa Kigoma

Ndugu wanachama,

Tangu tuanze kukutana Jumamosi pale Mwanga, nimeletewa mafumbo kadhaa ya mwisho wa mchezo yakiwa na maelezo yale yale: "Mwalimu, kompyuta imethibitisha kwamba Mweupe anashinda." Uthibitisho huo ni nusu ya kazi. Fumbo la kutungwa hukubaliwa pale tu ambapo Mweupe ana njia moja ya kufikia lengo lililotajwa, na njia ya pili ikionekana, fumbo limevunjika hata kama utunzi wenyewe unapendeza. Nalijua hilo kwa uchungu, kwa kuwa fumbo langu la kwanza lilirudishwa na mhariri kwa sababu mfalme wangu aliweza pia kushinda kwa kupita upande wa pili wa ubao. Nilikuwa nimeiuliza kompyuta kama Mweupe anashinda, lakini sikuiuliza kama ana njia nyingine.

Hatua ya kwanza: panga ubao bila kosa. Tutatumia fumbo la Saavedra. Mwaka 1895 Georges Barbier alilichapisha katika gazeti la Glasgow akiamini kwamba matokeo ni sare, ndipo Fernando Saavedra, padri kutoka Hispania, akaonyesha kwamba Mweupe anashinda. Katika umbo linalojulikana leo, Mweupe ana mfalme b6 na kitunda c6 (herufi ni safu ya wima kutoka kushoto kwa Mweupe, namba ni safu ya mlalo kutoka upande wake), Mweusi ana mfalme a1 na ngome d5, na Mweupe ndiye anayeanza. Nakili mstari huu katika programu kama ulivyo: 8/8/1KP5/3r4/8/8/8/k7 w - - 0 1. Herufi w inaonyesha zamu ya Mweupe. Ukiikosea, utakagua fumbo jingine kabisa.

Hatua ya pili: hesabu kete, wafalme wakiwemo. Zikiwa saba au pungufu, tumia majedwali ya mwisho wa mchezo, yaani hifadhi ya majibu yaliyohesabiwa kinyumenyume kuanzia pale mfalme alipokwisha kufungwa. Jedwali halikadirii, linajua. Majedwali ya Syzygy, yaliyobuniwa na Ronald de Man, yalifikia kete saba mwaka 2018.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa, nanyi msiiharakishe. Pita mwendo mmoja baada ya mwingine, na kila inapofika zamu ya Mweupe, soma orodha yote ya miendo yake, si ule wa juu peke yake. Kitunda kinakwenda c7, ngome inatishia kutoka d6, mfalme anakwenda b5; ngome d5, mfalme b4; ngome d4, mfalme b3; ngome d3, mfalme c2; kisha ngome inarudi d4. Hapa kitunda kikifika c8 na Mweupe akakigeuza kuwa malkia, ngome inajitoa c4, malkia analazimika kuila, na mfalme wa Mweusi anabaki hatishiwi wala hana pa kwenda, hivyo ni sare. Mweupe anakigeuza kuwa ngome badala ya malkia. Sasa ngome hiyo mpya inatishia kwenda a8 na kumfunga mfalme, Mweusi analazimika kuziba kwa ngome yake a4, na mfalme wa Mweupe anakwenda b3, akiitishia ngome hiyo huku nyuma yake kukiwa na tishio la kufunga kutoka c1.

Hata hivyo, kabla ya kitunda kugeuzwa, jedwali litawaonyesha miendo mitatu inayoshinda: kugeuza kuwa ngome, mfalme b3 na mfalme c3. Je, fumbo limevunjika? Fuateni mistari hiyo. Mfalme akienda b3, ngome inamtishia kutoka d3, anarudi c2, nayo inarudi d4; akienda c3, ngome inashuka d1, anarudi c2, nayo inapanda d4. Tumerejea pale pale. Huo ni upotezaji wa muda, na hauhesabiwi kuwa jibu la pili. Kompyuta haiwezi kuwatenganishia mambo hayo. Mtungaji ndiye anayepaswa kusoma mstari hadi mwisho.

Hatua ya nne: kete zikizidi saba, tumia injini, yaani programu inayokadiria miendo, kama Stockfish, ukiiagiza ionyeshe mistari mitano kwa pamoja, na uiache ifikiri kwa muda mrefu. Jihadharini na ulinzi wa Mweusi usiopenyeka, kwani injini yaweza kumpa Mweupe alama nyingi ilhali hana pa kupitia.

Hatua ya tano: tafuteni kama wazo limekwisha kutungwa. Mkusanyiko wa Harold van der Heijden wa Uholanzi una mafumbo zaidi ya 90,000.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu, na bando langu ni dogo. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Usipakue majedwali. Ya kete tano yanafika takriban GB 1, ya sita GB 150, na ya saba TB 17. Tumia yale yaliyomo kwenye tovuti ya Lichess, ambayo hujibu hadi kete saba bila malipo. Ukitaka ya kete tano, njoo na flashi Jumamosi nikunakilie.

Mwanachama wa Kasulu: Jedwali limeniandikia kwamba ushindi unazuiwa na kanuni ya miendo 50, yaani sare baada ya miendo 50 ya kila upande bila kete kuliwa wala kitunda kusogea. Je, fumbo langu ni sare?

Jibu: La, ndugu yangu. Kanuni hiyo ni ya michezo ya mashindano. Katika mafumbo ya mwisho wa mchezo haitumiki isipokuwa imetajwa. Hesabu kuwa ni ushindi, na ukague vilevile kama mwendo mwingine wa Mweupe una alama hiyo hiyo, kwani nao ni jibu la pili.

Mwanachama wa Kibondo: Mwalimu, nimefuata mfano wako nikaona kwamba katika mwendo wa nne mfalme anaweza kwenda c3 badala ya b3, naye hapotezi muda wowote.

Jibu: Umeona vema, na nimefurahi kwamba hukuniamini bila kukagua. Ngome inashuka d1, mfalme anakwenda c2, ngome inapanda d4, na tunafika mahali pale pale kwa idadi ile ile ya miendo. Hiyo ni dosari ndogo, kwa kuwa njia mbili zinakutana kabla ya kugeuza kitunda, ambako ndiko kiini cha fumbo kilipo. Ikitokea kwako, iandike wazi katika suluhisho lako kabla mhariri hajaigundua.